Ndugu Yangu Anataka Nimpeleke Mulot Akawasamehe

Admin, nifiche kabisa. Jina, kijiji, hata kanisa langu, usitaje. Mimi ni mzee wa miaka sabini na tatu, mwanajeshi mstaafu. Niko na majani chai kidogo huku upande wa Kapsoit na wajukuu wengi wananiita shujaa. Wangejua!

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa praiveti, cheo cha chini kabisa, wa kupigia kila mtu saluti. Lakini nilikuwa na wazimu wa magari ya mashindano. Kila Pasaka yalipita kwetu katikati ya majani chai yakirusha matope, na mimi nikaapa siku moja nitakuwa ndani. Kambini kulikuwa na koplo fundi. Tukanunua mkweche, tukawa tunautengeneza siku za ofu. Mkubwa wetu akatupa ruhusa ya kushindana, pesa hakutoa. "Jeshi halinunui tairi za starehe, kijana." Na mshahara wa praiveti haungetosha hata giaboksi.

Sasa nyinyi vijana, sikilizeni, kwa sababu hamjui mambo haya. Sisi Wakipsigis zamani hatukuweka ng'ombe wote kwa boma moja. Wengine ulimpa rafiki wa mbali akutunzie. Yeye anakunywa maziwa, ndama ni wako. Tuliita kimanagan. Hakuna karatasi, ni neno la mtu tu. Baba yetu alikufa akiwa ameweka ng'ombe sita kwa mzee mmoja wa Mulot, na akatuambia wazi: hao ni mahari ya ndugu yangu mkubwa.

Nikaenda Mulot nimevaa yunifomu, buti zinang'aa. Nikamwambia mzee ndugu yangu amenituma. Hakuniuliza mara mbili. Alinipa mursik, maziwa yetu ya kibuyuni, nikanywa nikashiba, akanisindikiza hadi barabarani akiwaaga ng'ombe mmoja mmoja kwa jina. Niliwauza siku hiyo hiyo.

Mashindano yenyewe, wacha tu. Tulipita Kapsoit kwa kasi, ndugu yangu amesimama kando ya barabara, amevua shati anapunga, anaita jina langu hadi sauti inakatika. Kuteremka Fort Ternan, matope yakatushinda. Gari lilipinduka mara tatu likaishia ndani ya miwa, magurudumu juu. Mahari ya ndugu yangu ikabaki hapo.

Miezi michache baadaye alipata msichana. Akaenda Mulot kuchukua ng'ombe wake, akarudi mikono mitupu. Alinikuta nyumbani kwa likizo. "Huyo mzee anasema wewe ndiye uliwachukua."

"Uongo!" nikasema. "Amekula ng'ombe wa baba, sasa ananisingizia."

Aliniamini kabla sijamaliza. "Basi twende ukamwambie usoni," akasema. Ningekataa vipi? Tulichukua rungu kila mtu lake.

Ilikuwa mchana, jua kali. Mzee alikuwa peke yake, anapukuchua mahindi mbele ya nyumba. Aliponiona akasimama, na Mungu wangu, alifurahi! "Afadhali umekuja, mwanangu. Mwambie ndugu yako vile nilikupa..."

Nilimpiga mdomoni. Sikumpiga kwa hasira, jamani, nasema ukweli leo. Nilimpiga anyamaze. Meno yalimwagika kwenye mahindi. Akaanguka, akajaribu tena kusema, damu inatoka badala ya maneno, na mkono ameunyoosha kwangu mimi. Nikampiga kichwani. Nikapiga tena. Ndugu yangu naye akaingia, akampiga teke mbavuni akilia, "Mwizi! Mwizi wa ng'ombe wa baba yangu!" Mimi sikuacha hadi mkono ukaingia ganzi. Mzee alikuwa amenyamaza kitambo.

Ndugu yangu ndiye aliona kwanza kwamba amekufa. Alininyang'anya rungu langu. "Wewe uko na kazi ya serikali," akasema. "Toka. Ni mimi nimempiga, nimempiga peke yangu."

Na mimi nikatoka. Nilikimbia katikati ya mahindi bila kuangalia nyuma.

Alifungwa miaka mingi sana. Yule msichana aliolewa na mwingine. Yeye alitoka na mvi, hakuoa, na siku aliyotoka alinikumbatia mimi kwanza, akaniuliza kama bado naendesha kwa kasi. Nilimjengea nyumba, nikamnunulia ng'ombe wa maziwa. Watu wakanisifu, eti tazama mtu anavyompenda ndugu yake.

Sasa ameokoka, na moyo wake ni mgonjwa, daktari amesema asishtuliwe. Wiki iliyopita aliniita. "Sitaki kwenda kwa Mungu na mzigo. Nataka niwaombe watoto wa yule mzee msamaha, kwa sababu nilimuua baba yao. Na mimi niwasamehe wizi wa ng'ombe zetu. Wamekubali, Jumapili, mbele ya kanisa lao. Nipeleke wewe. Hakuna dereva kama wewe."

Watoto wa mzee wako hai. Baba yao aliwaambia ni nani alichukua ng'ombe. Nikiingia pale watanitazama mimi, si yeye.

Nikimwambia ukweli nyumbani, huenda nikamuua kwa mkono wangu, kama yule mwingine. Nikinyamaza, atapiga magoti mbele ya watu kwa rungu langu, na awasamehe watu ambao hawakumkosea kitu. Mke wangu hajui. Pasta hajui. Ni nyinyi tu mnajua.

Asubuhi hii amenipigia simu kuuliza kama nimeshaweka mafuta kwa gari. Nimemwambia nimeweka. Jamani, mnaosoma hii, Jumapili ni kesho kutwa. Nimwambie nini huyu mtu?