Utani wangu wa mawese ulivyomlaza Mama Riziki kwenye kitanda chenye tundu

Kikohozi ndicho kilichotangulia, wakuu.

Nilikuwa bado nimefumba macho, hapa mtaani Kataki, mjini Kalemie, mara juu ya mabati kikapita kikohozi kikubwa kuliko kifua cha binadamu yeyote. Kikajirudia. Mbwa wakanyamaza. Kisha sauti ikajisafisha na kusema:

"Alo, alo! Wapapa na wamama, sindano ya corona imefika! Ni bure!"

Nilipochungulia nikamwona jamaa juu ya pikipiki, kipaza sauti mdomoni. Waliomtuma hawakuona ubaya wowote kumchagua mtu wa kikohozi atangaze chanjo ya ugonjwa wa kikohozi.

Nawasalimu wote humu. Mimi ni kijana wa huku ng'ambo ya ziwa, naandika riwaya ambayo hakuna aliyeichapa bado. Ninayoyasimulia yalitokea. Ningekuwa natunga, ningejipa nafasi nzuri zaidi kuliko hii niliyo nayo.

Naishi kwa mama yangu mdogo, Mama Riziki. Ni muuza ndagala, yaani dagaa, mpole kwa wateja, mkali kwa wadaiwa na wapwa.

Binti yake, Riziki, aliolewa Kigoma, na wakati ule alikuwa anakaribia kujifungua mimba yake ya kwanza. Kwetu nyumbani mtoto wa kwanza wa binti huogeshwa na mama wa binti, na katika maji yale ya kwanza ndipo jina hutamkwa. Asiyekuwepo hana neno. Mama Riziki alitaka jina la Feza, la bibi yetu, ambaye alifariki bila mjukuu wa kuitwa kwa jina lake. Kwa miaka alikuwa amelitunza hilo jina kama wengine wanavyotunza kitenge cha sikukuu, chini kabisa ya sanduku.

Lakini bandarini walikuwa wametoa amri: bila kadi ya chanjo, hakuna kupanda boti ya Kigoma.

Na Mama Riziki aliiogopa sindano kuliko alivyoogopa ziwa lenye upepo.

Angeachaje kuiogopa? Mtaa mzima ulikuwa umegeuka chuo cha udaktari. Mmoja alisema ukichomwa utakufa baada ya miaka miwili. Mwingine alisema wanaume watabaki pambo la nyumba. Jirani yetu Papa Anzuruni, mstaafu wa reli, alisikia kwamba mkono uliochomwa unanasa chuma, basi kila aliyetoka kituo cha afya alimsimamisha njiani na kumbandika kijiko begani. Kijiko kilianguka. Akasema kijiko hiki ni cha Uchina, ngoja nilete cha Wabelgiji.

Nilicheka, wakuu. Nilicheka mpaka nikaona nina wajibu wa kuwachekesha na wengine.

Hapa kwanza niwaeleze wageni jambo moja. Huku kwetu mtu akishuku kwamba kalishwa sumu, dawa ya kwanza ni kikombe cha mawese. Kabla ya muganga, ndivyo tunavyomwita daktari, kabla ya mchungaji, mawese. Mafuta yale mekundu yanaaminika kubeba kila kibaya na kukitoa nje.

Basi nikaandika kwenye grupu la mtaa, kwa ile lugha ya ofisini:

"Tangazo kwa wakazi. Wataalamu wamethibitisha kuwa sindano ikikutana na mawese hukosa njia. Chomwa, pokea kadi, kisha kunywa vikombe viwili vya mawese ya moto kabla ya kuvuka barabara. Dawa itaondoka, kadi itabaki."

Nikaweka vikatuni vitatu vya kucheka mwishoni. Nikajiona fundi.

Kumbe aliyelisambaza mbele aliviondoa vile vikatuni.

Siku mbili baadaye, mlango wa kituo cha afya ulikuwa umepata tawi. Ng'ambo ya barabara mama mmoja alikuwa ameweka jiko, sufuria ya mawese na vikombe vinne. Watu waliokuwa wakikimbia sindano sasa walipanga foleni tangu alfajiri. Mtu anachomwa, anapokea kadi, anaikunja ndani ya leso, anavuka barabara amelishika bega kama kabeba yai, anakunywa vikombe viwili, anafunga macho, anashukuru Mungu.

Waganga wa kituo walifurahi. Walidhani kipaza sauti kimefanya kazi.

Nilisimama pale nikipiga picha. Nilijiambia: hii ni sura nzima ya riwaya. Hata sikushangaa kumwona Mama Riziki kwenye foleni, nilifurahi. Nikamwambia kimoyomoyo, chomwa mama, mawese hayataiondoa chanjo, utapata vyote viwili, kinga na kadi.

Hiyo ndiyo iliyokuwa hekima yangu. Niliona vikombe, sikukumbuka matumbo.

Aliponiona akaja mbio, midomo ikimeta mafuta.

"Mutoto wangu, nimemaliza! Nilikunywa vitatu. Muntu hawezi jua."

Kesho yake asubuhi nilimsindikiza bandarini. Begi moja la nguo zake, begi moja la vitenge vya mtoto, ndoo ya ndagala wakavu, kadi mkononi. Boti ilikuwa inapakia. Mama Riziki alikuwa amebana meno tangu tutoke nyumbani, nami nilidhani ni hamu ya kumwona binti.

Akaenda chooni. Akarudi. Akaenda tena.

Mara ya tatu, bwana wa afya wa pale bandarini, mwenye kile kipimo cha joto kama bastola, akamngojea mlangoni.

"Mama, umeenda choo mara ngapi?"

Mama Riziki hajui kudanganya asipopewa muda.

"Leo, ao tangu jana?"

Wakuu, mji huu mvua zikianza unakaa na kipindupindu kama mpangaji wa zamani. Mtu mwenye tumbo la kukimbia hapandishwi boti, na hana wa kumtetea. Ndani ya dakika chache viatu vyake vilishapuliziwa klorini, na sisi wawili tuko njiani kwenda kwenye mahema ya wagonjwa wa kipindupindu. Kadi ilikuwa bado mkononi. Aliwaonyesha wote tuliopishana nao.

"Kadi ninayo! Angalieni, kadi ninayo!"

Tulipofika hemani, honi ya boti ikalia.

Vitanda vya pale vina tundu katikati na ndoo chini. Sitaeleza zaidi. Nilipotazama kushoto na kulia nikaona kwamba namfahamu kila aliyelala: ilikuwa foleni yetu ileile, safari hii imelazwa chali. Hata Papa Anzuruni alikuwepo, kijiko kikiwa mfukoni mwa shati. Na tayari walikuwa na elimu mpya:

"Munaona? Tulisema. Hii sindano inaharibu tumbo!"

Waliwashikilia siku tatu. Siku ya tatu muganga wa pale, mama mmoja mfupi mwenye hasira ya haki, akaingia na majibu.

"Hakuna kipindupindu hapa! Hakuna hata mumoja! Munanimalizia maji ya serumu bure. Mulikunywa nini nyinyi?"

Mtu mmoja akasema kwa sauti ndogo, mawese.

"Nani aliwaambia mukunywe mawese?"

Papa Anzuruni akajiinua kwa kiwiko, akatoa simu, akavaa miwani, akasoma. "Tangazo kwa wakazi. Wataalamu wamethibitisha..."

Kila mwandishi huiota siku atakaposomwa hadharani, watu wote kimya, neno kwa neno. Siku yangu ilikuwa ile. Nilisomwa vizuri sana. Papa Anzuruni alipumua kwenye kila nukta.

Alipofika "kadi itabaki", Mama Riziki akageuza kichwa akanitazama. Alinilea yeye, anajua ninavyosema.

"Ni weye njo uliandika?"

"Mama, ulikuwa utani."

"Utani." Akalirudia polepole. "Na mimi nilikuwa naogopa kweli."

Jioni ile simu ililia kutoka Kigoma. Riziki kajifungua msichana, wote wazima. Mama mkwe ndiye aliyemwogesha. Jina lilishatamkwa.

Funzo nililolipata ni dogo ila lina meno. Mwoga anayetafuta njia ya kuvuka atashika chochote utakachomrushia, hata kama umekirusha ili ucheke. Na wengi tuliowacheka wajinga wa mtaa tulikuwa tumesimama ng'ambo ya kituo, wenyewe hatujachomwa. Mimi nilichomwa baadaye. Muuza mawese aliniita kwa jina. Nikampungia mkono usiochomwa, nikapita.

Waliowahi kusambaza tangazo la uongo wajitokeze. Wa Kigoma, mtuambie kwenu mlikunywa nini. Na wanaotaka kunitukana waanze, nipo nasoma zote.

Ila mjue kwanza nani aliyenipeleka kwenye sindano.

Boti iliyofuata ilikuwa baada ya wiki. Asubuhi hiyo Mama Riziki alijifunga kitenge, akabeba mabegi yote mawili, ndoo kichwani. Nikasogea nimpokee moja.

"Wacha. Kunja mukono wa shati."

Sikuelewa.

"Ule wa kushoto. Kunja."

Nikakunja. Akautazama mkono wangu mzima, laini, usio na alama wala uchungu. Mkono wa mtu aliyekuwa amesimama pembeni akipiga picha.

"Uliwacheka wote," akasema. "Na weye hukuenda."

Nikaanza sentensi. Ilikuwa nzuri, nilihisi.

Hakuingoja. Akatoka, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa imejaa vitenge vya mtoto asiyeitwa Feza, aliufunga mlango kwa kisigino.