Darasa Lililotulia

Katika shule moja ya Subukia nilikofundisha Kiingereza, palikuwa na msichana aliyenyamaza kila alipoitwa ubaoni. Walimu wenzangu walisema ana kichwa kigumu. Mimi nilimwona wakati wa mapumziko akiwasuka wenzake, vidole vikienda bila kusita, nikajua akili yake huanzia mikononi. Basi nikafunga nyuzi za katani kwenye dawati, nikamwomba atufundishe kusuka, kwa Kiingereza. Alisuka huku akieleza kila hatua, na darasa zima likamfuata, likibishana na kucheka kwa Kiingereza hichohicho.

Mwalimu mkuu akaingia.

"Mwalimu, hii ni saluni? Mtihani utawauliza mambo ya nywele?"

"Wanaongea, mkuu. Hata huyu anaongea. Msikilize kidogo."

"Nimeona. Toa hizo kamba."

Hadi leo nakasirika: hakumsikiliza hata sentensi moja. Msichana alizifungua nyuzi mwenyewe, akarudi dawati la nyuma, akainamia kitabu. Wenzake nao wakainamia vitabu vyao. Mwalimu mkuu alivitazama vichwa vilivyoinama, akatabasamu.

"Sasa umeona, mwalimu? Darasa limetulia."