Faili la Droni na Bafu la Baba Mkwe

Mimi ni Mhehe wa Kilolo, na kwetu baba mkwe ni baba: unamsalimia, unampelekea maji ya kunawa, akikuudhi unanuna naye anaona. Kisha nikaolewa na Mnyakyusa. Siku hizi Wanyakyusa wengi wameacha mwiko wa wakwe, lakini baba mkwe wangu hakuacha hata nukta: mke wa mwanaye asimtazame, asikutane naye njiani, asisemezane naye. Nikienda kwao Rujewa, mzee akitaka kutoka ndani anakohoa kwanza, nami natimua mbio nyuma ya jiko. Siku moja nilijificha kwenye banda la kuku mpaka amalize kuongea na mgeni, na mgeni mwenyewe alikuwa mtu wa maneno mengi. Miaka yote hiyo ya ndoa, uso wake siujui. Naijua kofia yake.

Kazi yangu ni kupima mashamba kwa droni. Tunaishi Mbeya mjini, lakini wateja wangu wakubwa ni wakulima wa mpunga wa Usangu, nao huiita kandege. Unaipangia mistari kwenye simu, inapanda, inakwenda na kurudi ikipiga picha majaruba, na wewe unakaa pembeni. Siku ya balaa nilikaa kwenye tuta nikatafuna hindi la kuchoma, nikamshukuru Mungu kwa kazi isiyo na jembe.

Kesho yake mama mkwe akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya msibani.

"Mama, umefanya nini? Umemtazama mkweo."

"Nani? Mimi? Wapi?"

"Bafuni. Jana saa kumi jioni, mimi niko kwaya. Anasema kandege kako kalikuja kakasimama juu ya bafu, naye ana povu kichwani. Bafu lenyewe unalijua, halina paa."

Nikacheka. Kumbe mwenzangu analia. Mzee alikuwa ameshaita wazee wa ukoo wakutane Jumapili baada ya ibada, na alichotaka alikitamka wazi: nirudishwe Kilolo kwa mama yangu nikafundwe upya, na mpaka nifundike, watoto wabaki na baba yao. Watoto wangu!

Hapo hasira ikanipanda mpaka utosini. Nikamgeukia mume wangu. Ni mtu mzuri sana, ila likija jambo la baba yake anakuwa kama uji uliopoa. "Sema kitu," nikamwambia. Akasema, "Tusubiri Jumapili." Nikampigia mama yangu kutafuta faraja. Nilimpa kamwene, salamu yetu ya Kihehe, akaitikia, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Njoo tu mwanangu, njegere zimekomaa na vibarua hawapatikani." Nikakata simu.

Ningekana tu, lakini ukweli sikuwa na uhakika. Upepo wa Usangu jioni una wazimu wake, na nyumba ya wakwe haiko mbali na mashamba. Mimi nilikuwa na hindi langu. Nisingeweza kuapa kwamba droni haikupotoka. Lakini droni yenyewe inajua. Kila inaporuka inajiandikia faili: ilipita wapi, juu kiasi gani, saa ngapi, kamera ilitazama upande gani. Nikalihamishia faili kwenye kompyuta, nikalifungua nikiwa nimeshajiandaa kushinda kesi.

Mama yangu wee! Yakaja madudu: herufi zinapigana na namba, alama za kuuliza, vijisanduku, ukurasa baada ya ukurasa. Faili limefungwa kwa msimbo, na ufunguo wanao waliotengeneza droni, huko ng'ambo. Droni yangu, mkwe wangu, ndoa yangu, halafu siri wanaitunza wao! Nilipomweleza mama mkwe, alielewa haraka kuliko mume wangu.

"Kwani hujalipia king'amuzi?" akauliza.

"Ndiyo, mama, ni kama king'amuzi."

"Basi lipia, mwanangu. Jumapili siyo mbali."

Programu ya kulisimbua faili ipo, lakini nayo haina ufunguo. Inauomba kwa watengenezaji wa droni kupitia mtandao, na ili wakubali, sharti kwanza ujiandikishe kwao, useme wewe nani na faili unalitakia nini. Penye sababu niliandika kwa Kiingereza changu cha sekondari kwamba ni matatizo ya ukweni. Nikangoja. Mvua ya Mbeya ikaondoka na umeme. Umeme ukarudi, mtandao ukaondoka. Nikamfokea mume, nikamfokea paka. Jumamosi mchana wakanikubalia, yale madudu yakageuka majedwali safi, na majedwali nikayageuza kuwa mstari mwekundu juu ya ramani.

Mstari haukukaribia kabisa nyumba ya wakwe. Nikapiga kigelegele peke yangu sebuleni. Kisha nikatazama vizuri. Droni ilisimama mahali pamoja tu, banioni, pale maji ya mto yanapoingia kwenye mfereji, maana wakulima walitaka picha za lango linalovuja. Hapo ilishuka chini, kamera ikainama, saa ileile ambayo mzee alisema ana povu kichwani.

Sasa, baba mkwe wangu ni mwenyekiti wa kamati ya mfereji. Ndiye aliyepiga marufuku watu kuoga banioni. Amewatoza faini watoto, wafugaji, wake za watu, hata kaka yake wa tumbo moja. Kumbe alikuwa akioga kulekule, akawahi kunishtaki kabla picha hazijamshtaki yeye. Mkuki kwa nguruwe! Nikacheka mpaka mbavu zikauma. Picha za pale zilikuwemo kwenye kadi ya droni. Nikasogeza kidole nizifungue, nikakirudisha. Ningezifungua, ndipo kweli ningekuwa nimemtazama mkwe wangu, tena na povu lake.

Jumapili wazee wakakaa uani kwa wakwe, mimi na mama mkwe nyuma ya ukuta wa jiko, watoto wakicheza kando yetu. Utaratibu ulikuwa huu: mimi namnong'oneza, yeye anapaza sauti. Mume wangu akaweka kompyuta juu ya stuli. Yule kaka wa baba mkwe akavaa miwani, akainama.

"Hapa pameandikwa kumi na tatu. Saa kumi na tatu ndiyo saa ngapi?"

Nikanong'ona, mama mkwe akapaza: "Ni saa za Uingereza! Ujumlishe tatu, halafu utoe sita! Ni saa kumi jioni!"

"Yaani kandege kanaruka Rujewa, saa yake imebaki kwa Wazungu?"

Wakaibishania hesabu ile mpaka chai ikapoa. Hatimaye wakakubaliana kwamba ni saa kumi, na kwamba Wazungu wana matatizo. Yule kaka mwenye miwani akafuata mstari kwa kidole.

"Nyumbani hakakufika. Sasa hapa kaliposimama ni wapi?"

"Banioni," akasema mume wangu. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi.

Kando yangu mama mkwe akasema taratibu, lakini kila mtu alisikia, "Ndiyo maana bafu nililikuta kavu."

Kuna mtu alipaliwa na chai. Kisha kaka mtu, aliyekuwa bado hajaisahau faini yake, akauliza, "Na picha zipo?" Nikasikia viti vikisogezwa.

Nilikuwa na hasira ya wiki nzima. Neno moja tu, na mzee asingekatiza tena Rujewa bila kuchekwa. Nililitamani neno lile, jamani, nisidanganye. Lakini nilimsikia akihema upande wa pili wa ukuta, mtu mzima yule, nikamwonea huruma. Nikamgeukia mama mkwe anipelekee jibu, naye amejiziba mdomo kwa kanga, anatetemeka kwa kicheko. Ikabidi niseme mwenyewe.

"Zipo, wazee. Kadi hii hapa, nimeifunga kwenye pindo la kanga. Sijazifungua na hakuna atakayezifungua. Huenda humo yumo mkwe wangu, na mimi mkwe wangu simtazami."

Uani pakalipuka. Walicheka wakapiga makofi, mmoja akasema ndaga, yaani asante kwa Kinyakyusa, mwingine akasema huyu amefundwa na nani. Kaka mtu akamgeukia mdogo wake. "Haya, mwenyekiti. Nani alisema arudishwe Kilolo?"

"Mimi," baba mkwe akajibu. Kisha akasema kwa sauti kubwa, akiuelekea ukuta, na hakulipitisha neno lake kwa mtu. "Mwanangu, baki na wanao. Atakayekurudisha Kilolo, anirudishe na mimi."

Nikakaa juu ya kuni, nikawavuta watoto wangu wote mapajani, nikalia kwa sauti.