Gari Lililotetemeka Likisimama

Mume wangu alipolileta lile gari nyumbani, miaka ya sabini ikiwa bado michanga, mimi nilikuwa muuguzi mkunga katika zahanati ndogo karibu na Nyaramba, na nilikuwa nimekwisha kuchoka kabla halijafika. Naanza na hilo ili nisilisingizie gari kila kitu. Mwenzangu wa kazi alikuwa amehamishwa na hakuletwa mwingine. Nyumbani kulikuwa na watoto wanne, mama mkwe, na majani chai ambayo hayamngojei mtu apumzike. Mume wangu alikuwa karani bandarini Mombasa. Alikuja nyumbani mara mbili kwa mwaka.

Lilikuwa gari dogo la rangi ya maziwa, lililokwisha kupita mikononi mwa watu watatu. Alilileta mwenyewe kutoka pwani, safari ya siku mbili, akapiga honi kutoka barabarani hadi getini. Mama mkwe alipiga vigelegele. Majirani waliacha kuchuma chai wakaja kulitazama. Baada ya wiki mbili likizo ilikwisha, akaniachia ufunguo, akapanda basi. Kati ya tuliobaki, mimi ndiye niliyejua kuendesha; mtawa mmoja wa misheni alikuwa amenifundisha nilipokuwa mafunzoni.

Barabarani lile gari lilikimbia vizuri, hata milima ya kwetu lilipanda bila kulalamika. Shida ilikuwa likisimama. Nikikanyaga breki pale njia panda, injini ilianza kujikwaa, mara ishike, mara iachie. Kioo cha kutazamia nyuma kilitetemeka mpaka sura yangu ikapotea ndani yake. Mkoba wangu uliteleza ukaanguka chini ya kiti. Nisipoongeza mafuta haraka, lilizimika. Nilizoea kuendesha na mguu mmoja ukifanya kazi mbili, kisigino kwenye breki na vidole kwenye mafuta, na jioni nyonga iliniuma kama ya mwanamke aliyechimba shamba kutwa.

"Hili gari linaumwa," mama mkwe alisema siku moja kwa Ekegusii, lugha yetu, akiwa amekaa kiti cha nyuma na ndizi zake. "Linatetemeka kama mtu mwenye malaria."

"Ni uzee, mama," nilimwambia.

"Mimi ni mzee na sitetemeki hivyo."

Fundi niliyemtegemea alikuwa Keumbu, kando ya barabara, chini ya paa la mabati lisilo na kuta. Alikuwa Msabato, na Jumamosi alifunga kazi. Jumamosi ndiyo siku pekee niliyokuwa na nafasi mchana kutwa. Kwa hiyo nilikwenda kwake Jumapili, nikakosa misa, nikakaa juu ya tairi kuukuu nikitazama mgongo wake. Mara ya kwanza alibadilisha plagi. Gari likatulia siku mbili, au labda nilitaka sana litulie. Mara ya pili alifungua kabureta akaiosha kwa petroli, sehemu moja baada ya nyingine, akazianika juu ya gunia. Mara ya tatu alisugua zile pleti zinazotoa cheche. Kila mara aliniambia, "Sasa iko sawa, sista," na kila mara nilipofika zahanati na kusimama, mkoba ulianguka.

Mara ya nne alichukua bisibisi akakaza skrubu moja. Injini ikanguruma kwa nguvu, na mtetemo ukapungua.

"Umefanya nini?" nikamuuliza.

"Nimeipandishia sailensa. Hii mngurumo yake ikiwa imesimama. Ilikuwa chini sana."

"Lakini ugonjwa wenyewe ni nini?"

Alifuta mikono. "Sista, hii gari ni ya zamani. Wewe endesha tu."

Nikaendesha tu. Nilikuwa nimechoka kuuliza.

Wiki chache baadaye aliletwa zahanati mwanamke mwenye mimba ya tatu, akiwa na uchungu tangu alfajiri. Shinikizo lake la damu halikunipendeza, wala uvimbe wa uso wake. Hakukuwa na gari la wagonjwa. Nikamlaza kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwa mama mkwe wake aliyemsindikiza, tukaanza safari ya kwenda hospitali ya Kisii. Ilikuwa saa nne asubuhi. Jua lilikuwa kali na barabara ilikuwa kavu, kwa hiyo siwezi kulaumu mvua.

Tulipofika Keumbu ilikuwa siku ya soko. Lori la ndizi lilikuwa limeziba njia likirudi kinyumenyume. Nikasimama. Injini ilikuwa imepata moto sana, na ile sailensa ya fundi haikusaidia kitu. Ikajikwaa mara tatu ikazimika. Nikageuza ufunguo. Ikakohoa. Nikageuza tena, na tena, mpaka betri ikawa inatoa sauti ya kunong'ona.

Nyuma yangu yule mwanamke alisema kwa sauti ya chini kabisa, "Sista, anakuja."

Nilishuka. Wachuuzi wa ndizi walivua leso zao wakazishika pande zote za gari, na mimi nikapiga magoti kwenye vumbi, nusu ya mwili wangu ndani, nusu nje. Mtoto alitoka akiwa na kitovu shingoni. Nilikitoa. Hakulia. Nilimfuta, nikamsugua mgongo, nikampulizia pumzi mdomoni na puani, na katika kumpulizia niliwaza, kwa utulivu ulionishangaza, kwamba akifa nitalichoma hili gari. Kisha akalia. Sauti yake ilikuwa kama ya paka mdogo, lakini alilia. Wanaume walilisukuma gari mpaka kwenye mteremko, injini ikashika, na sikusimama tena mahali popote mpaka lango la hospitali. Mama alivuja damu nyingi. Walimlaza siku tisa, akarudi nyumbani akitembea.

Jumamosi iliyofuata sikwenda kwa mtu. Niliegesha gari chini ya mti wa mgrevilea uani, nikafungua boneti, nikachukua daftari. Niliamua kuliuliza maswali ninayomuuliza mgonjwa. Linaumwa lini? Likisimama. Likikimbia je? Haliumwi. Asubuhi likiwa baridi? Linatetemeka kidogo tu. Likipata moto? Linazidi. Basi si plagi, nikaandika, maana plagi mbovu ingesumbua hata mlimani. Si petroli chafu. Kuna kitu kinacholiudhi wakati linapumua polepole tu.

Nikaliwasha nikaliacha lingurume mpaka likapata moto na kuanza kutetemeka. Kelele zilikuwa nyingi, sikuweza kutenga hata moja. Ndipo nilipokumbuka kile kipembe cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Nilikuwa nacho kimoja cha zamani, kilichopasuka ukingo, ambacho sikukitumia tena kwa akina mama. Nikaweka mdomo wa kipembe hapa na pale juu ya injini, sikio upande wa pili, nikijichunga na feni. Mama mkwe alitoka jikoni akanitazama akiwa na mwiko mkononi.

Nyuma ya kabureta, upande usioonekana mpaka uiname, nilisikia kitu kama mtu anayevuta pumzi kwa meno. Hapo palikuwa na mpira mfupi, mnene kama kidole gumba, unaoingia kwenye bomba la kupeleka hewa na petroli ndani ya injini. Nikaubana kwa kitambaa. Gari likatulia. Lilitulia kabisa, mpaka nikasikia kuku wa jirani. Nikaachia, likatetemeka. Nikabana tena.

Nilizima injini, nikangoja ipoe, nikauchomoa ule mpira. Upande wa chini ulikuwa umepasuka, na juu ya ufa ulizungushiwa kipande cha tyubu ya baiskeli, kikafungwa barabara. Kilikuwa kimefungwa kwa ule utepe mwekundu wa kufungia mafaili ya ofisi. Mume wangu alifunga kila kitu kwa utepe ule: sanduku lake, miwani yake iliyovunjika, hata viatu vya watoto. Ulikuwa umepauka kwa joto na kulegea, ndiyo maana hewa ilipita.

Nilikaa pale chini. Sikulia. Nadhani nilisinzia kidogo, nimeegemea gurudumu.

Fundi alipouona ule mpira Jumapili aliugeuzageuza. "Hapa sikuangalia, sista," alisema. Alikata mwingine, akauvalisha, akapunguza ile sailensa aliyoipandisha. Kazi yote haikumaliza muda wa kunywa kikombe cha chai.

Mume wangu alikuja Desemba. Nilingoja siku tatu, watoto washibe kumwona. Kisha, mchana mmoja tukiwa tumekaa kibarazani, nikamwekea ule mpira kwenye kiti kati yetu.

Aliushika akaugeuza upande wa ufa. "Ulipasukia Voi," alisema. "Gari lilizimika mara sita siku ile. Mtu aliyeniuzia alikuwa amekwisha kuhama nyumba, nisingempata hata ningerudi. Nikaufunga mwenyewe."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilipofika mlikuwa mmesimama getini. Mama alikuwa anapiga vigelegele." Aliurudisha mpira kitini. "Nilitaka nikuambie kabla ya kuondoka. Halafu nikaona aibu, nikasema nitaandika barua."

"Kuna mwanamke alijifungulia humo ndani. Barabarani, Keumbu."

"Mtoto yuko hai?"

"Yuko."

Alishika kichwa. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, nimeyapanga miezi yote ile nikiendesha. Ningependa anikasirikie ili nami nikasirike. Alisema tu, "Nisamehe, mama watoto," na mimi nikamwambia nakwenda kulala. Nililala mpaka jioni. Nilipoamka chakula kilikuwa kimepikwa, na watoto waliniambia ni baba yao aliyepika.

Lile gari nililiendesha miaka mingine minne. Mwisho nilimwachia mfanyabiashara wa Tabaka aliyetaka kung'oa kiti cha nyuma apate nafasi ya kubebea vinyago vya mawe. Nilimweleza kila ubovu niliokuwa naujua, breki ya upande wa kushoto, mlango usiofungika, taa moja, mpaka akanikatiza akisema anataka kuondoka kabla ya mvua. Nikampa ufunguo, nikarudi ndani ya zahanati. Akina mama wawili walikuwa wananingoja kwenye benchi.