Toni ya Picha ya Kitindamimba

Mimi nilianza kazi mara mbili katika studio ile ile. Mara ya kwanza nilikuwa msichana, katikati ya jiji la Nairobi, nikakabidhiwa aproni ya mpira na koleo la kushikia karatasi ndani ya dawa. Mara ya pili miaka ya elfu mbili ilikuwa ndiyo inaanza. Nilikuwa mama mzima, nikahamishiwa tawi la Hurlingham na kukalishwa mbele ya kompyuta. Chumba cha giza tulimosafishia picha kilikuwa kimefungwa, trei zimeuzwa, na wengi wa rika langu walikuwa wamekwenda nyumbani. Mimi sikwenda. Nilimwambia Meneja wa Tawi kwamba ile taa nyekundu ya chumba hicho ilizimwa, lakini jicho langu halikuzimwa pamoja nayo.

Siku hiyo ya kwanza Meneja, kijana mchangamfu asiyetulia kitini, alinionyesha kitufe. "Mama Nekesa, ona. Client akitaka picha ya kizamani, unabonyeza hapa, sepia. Imeisha." Nikabonyeza. Uso wa bibi harusi, shela na keki vyote vikawa kahawia moja. Nilicheka mpaka akaudhika.

Niwaeleze nyinyi mnaosoma, maana hamkuwahi kuinusa dawa yenyewe, iliyonuka kama yai viza. Sepia ni ile hudhurungi ya picha za kale. Picha nyeusi na nyeupe ilitiwa kwanza katika dawa ya kuifubaza, kisha katika dawa ya toni, ikarudi ikiwa hudhurungi. Msimamizi wetu wa Chumba cha Giza, mzee mkali aliyetufukuza nje tukija tumejipaka manukato, hakuiacha ifubae yote. Dawa huanza na sehemu zenye mwanga, vivuli huchelewa. Yeye aliiopoa mapema, hivyo paji la uso na mashavu yakapata joto, nywele na macho yakabaki meusi tititi. "Mtu mweusi hapakwi rangi," alikuwa akisema. "Mwachie weusi wake, mwashie taa kwa ndani."

Hayo ndiyo niliyotaka kompyuta iyafanye, na haikukubali kirahisi. Polepole nikajua kutia toni ya mwanga mbali na toni ya vivuli, na kuupinda ule mstari wa kwenye skrini unaoamua giza liishie wapi. Meneja aliniona kama mama anayejitafutia kazi.

Kisha akaja Mama Njoroge kutoka mtaa wa Loresho. Alikuwa bado na kitambaa cheusi begani.

"Wanangu wawili wakubwa mliwapiga picha nyinyi, ile studio ya tao, pale mjini, kila mmoja alipomaliza shule," alisema. "Wako kwa ukuta. Huyu wa mwisho, Kariuki, alikataa. Alisema black and white ni ya wazee. Tumemzika juzi. Nataka akae na ndugu zake, na sitaki mtu akiingia aniulize mbona huyu ni tofauti."

Picha yake nzuri ilikuwa moja tu, ya rangi, ya kamera ndogo ya dijitali: ameegemea gari la rafiki yake, anacheka. Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu. Meneja akaipokea mwenyewe, akabonyeza kitufe, akamkabidhi. Asubuhi iliyofuata mama alirudi, akaiweka mezani.

"Mmemmwagia mtoto wangu chai."

Meneja hakujitetea, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. "Pole sana, mum," alisema, kisha akanigeukia. "Mama Nekesa, chukua gari ya ofisi, uende uone hiyo ukuta."

Nilipofika Loresho niliutambua mkono wa Msimamizi wangu kabla sijavua viatu. Njoroge, mtoto wa kwanza, na mdogo wake walikuwa pale ukutani, nyuso zimewaka, vivuli vimetulia. Ila miaka ilikuwa imepita na karatasi zilikuwa zimegeuka rangi ya maziwa ya kuchemshwa. Nikapata shida ambayo kitufe hakiwezi kuijua. Nikamuuliza mwenyewe.

"Mama Njoroge, karatasi za ndugu zake zimezeeka. Yake niifanye mpya ama niizeeshe?"

Alishika fremu ya Njoroge.

"Karatasi zeesha. Uso wake usiuguse. Huyo hakupata kuzeeka."

Nilirudi Hurlingham na neno hilo. Nililiondoa gari, nikamwekea Kariuki pazia la kijivu kama la ndugu zake. Picha ya rangi ndani ya kompyuta ni nyekundu, kijani na buluu. Nikazichanganya kuwa nyeusi na nyeupe, mpaka ngozi yake ikawa ngozi, si plastiki. Nikanyunyiza chembechembe ndogo kama zilizokuwa kwenye filamu. Sehemu nyeupe nikazitia umaziwa, mashavu nikayapa joto kidogo, macho nikayaacha meusi. Kila karatasi ya majaribio niliitoa nje, kwa sababu chini ya taa za mirija picha hudanganya: ndani ni hudhurungi, juani inageuka kijani. "Mama Nekesa anaanika picha kama mahindi," Meneja aliwaambia wateja. Nilimwacha aseme, nikaendelea kuanika.

Tulipoitundika kule Loresho, Njoroge aliingia akitoka kazini. Alisimama katikati ya sebule, funguo mkononi.

"Mum, kwani Kariuki alienda ile studio lini?"

Mama aliketi kwenye mkono wa kochi akalia, akisema, "Sasa wamekaa wote." Nililia naye. Nilijivuna pia, wala sioni haya kusema: katika maisha yangu yote ya kazi sijawahi kusikia sifa iliyoizidi hiyo ya Njoroge.

Baadaye nilipelekwa tawi la Westlands chini ya Mkurugenzi wa studio, kufundisha wengine. Leo nimestaafu, na najua mna vitufe vingi kuliko tulivyoviota. Vitumieni. Lakini kwanza nendeni mkaione nyumba ambamo picha itakaa, na mumuulize mwenyewe anachotaka.

Nilipokuwa nakaribia kuaga kazi, Mama Njoroge alikuja Westlands akitembea kwa mkongojo, akataka kupigwa picha yeye. "Mikunjo usinipunguzie. Ila karatasi, iwe kama ya Kariuki." Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya mwisho, na niliipeleka Loresho kwa mikono yangu. Nilimuuliza tuitundike wapi. Akanionyesha: kando ya Kariuki, msumari ulikuwa umeshapigiliwa.

Nikainua picha. Akanizuia, akaifunga kwa leso, akaiweka kabatini.

"Bado," alisema. "Siku nikiondoka, Njoroge anajua msumari ni wa nini."