Hedifoni Zisizo na Besi

Kariakoo hawakuuzii hedifoni bila kukudundishia ngoma kwanza. Muuzaji anakuvisha, anaweka wimbo mzito, anakutazama usoni. Ukitikisa kichwa tu kwa mdundo, biashara imeisha. Na mimi, mjuaji wa mjini, nikatikisa.

Nilikuwa namnunulia mama. Baba alipokuwa hai, kila akienda Feri kununua samaki alituma ujumbe wa sauti kwenye simu yangu nimsikilizishe mama, maana simu ya mama ilikuwa ya vitufe. Umebaki ujumbe mmoja tu. Masikio ya mama yamechoka, na kwa spika ya simu, na kelele za huku kwetu Mchafukoge, alikuwa haambulii kitu. Alitaka kumsikia mumewe, basi.

Nikamvisha zile hedifoni za kudunda. Akasikiliza hadi mwisho, akazivua taratibu.

"Huyu si baba yako," alisema.

Iliniuma, jamani. Nikazivaa mwenyewe, na kweli: upepo na injini za boti zilinguruma, na baba alikuwa kama anaongea ndani ya pipa.

Kesho yake nikarudi dukani nimenuna. Muuzaji akaanza tena na ngoma yake. Nikamwambia aache, leo tunapima kwa sauti ya mzee wangu. Alinicheka, lakini alinivumilia, Mungu ambariki. Nyingine zilimfanya baba mzito, nyingine zikamkwaruza hadi kila "s" yake ikachoma sikio. Mwishowe akatoa zilizokuwa chini kabisa, zina vumbi, akanionya kuwa hizo hazina mzuka, wateja wote wanazikataa. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Hizo hazikuwa zimejiuza hata kidogo. Nikavaa. Besi ikakaa nyuma, sauti ya mtu ikaja mbele, nikamsikia baba akikohoa kidogo kusafisha koo, kama alivyozoea kabla ya kumsemesha mama. Kikohozi kile nilikuwa nimekisahau kabisa. Nikalia pale pale, mtu mzima mimi, na muuzaji akajifanya anafuta kioo cha kabati.

Nyumbani mama alikuwa anachambua mchele. Nikamvisha. Mikono ikasimama juu ya ungo. Maneno ya baba nayajua kwa moyo: ameona samaki wawili, changu na tasi, wote wabichi, anamuuliza mkewe amletee yupi.

Mama akatabasamu, akaiweka sawa khanga yake.

"Lete tasi," akamwambia. "Na usichelewe."