Mkate wa Povu la Rubisi

Shangazi aliporudi nyumbani kutoka Bukoba mjini alikuja na mfuko mmoja wa nguo na ufundi wa kuoka mikate. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye hoteli ya chai, mpaka mwili ukamkatalia. Ugonjwa wenyewe, watu wa kijijini kwetu, juu ya Muleba, waliutaja kwa kushusha sauti, kama vile unaweza kusikia ukaja. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sina kazi ila kuota, na ndoto yangu mpya ikawa mikate. Niliwaona kabisa abiria wa mabasi ya Biharamulo wakitoa mikono madirishani wakigombea mkate wangu.

"Kwanza jifunze kuwasha moto usio na moshi," Shangazi alinicheka, "ndipo usimamishe mabasi."

Ngano tuliipata kanisani, ya msaada, punje nzima. Mwenye mashine ya kusaga alinung'unika kwamba mashine yake inajua mahindi na muhogo tu, lakini akasaga. Unga ukatoka rangi ya udongo, na pumba zake zote. Nikachukua chekecheo niufanye mweupe kama ule wa dukani kabla ya vita vya mpakani. Shangazi akanizaba kikofi mkononi. "Acha pumba humo! Hiyo ndiyo nyama ya mkate."

Tatizo likawa hamira. Tangu vita, dukani ulipata chumvi, ukibahatika. Shangazi akawaza, halafu akanituma kwa jirani anayekamua ndizi, nikaombe povu la pombe yake, rubisi, iliyokuwa inachacha. Jirani alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mae waitu! Leo nyumba ya mlokole inaomba rubisi?"

Alikuwa na haki ya kucheka. Bibi yangu, mama yake Shangazi, alikuwa mlokole haswa. Tangu aokoke, pombe ya ndizi haikuvuka kizingiti chetu. Nikarudi kwa kupita nyuma ya kibanja chetu cha migomba na kikombe changu, nimekifunika na kanga.

Tukakanda. Mikono ya Shangazi ilikuwa imebaki mifupa, lakini ilikumbuka kazi yake: sukuma, kunja, geuza. Akichoka nilipokea mimi. Donge tulilifunika kwa jani la mgomba, tukaliweka karibu na mafiga, na baadaye jani likaanza kuinuka lenyewe, taratibu, kama kuna mtu anaamka chini yake. Mkate tuliuoka ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga, makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. Nyumba nzima ikanukia.

Kwetu tulikula wote kwenye jani moja, limetandazwa sakafuni. Shangazi peke yake, tangu arudi, alikula chumbani, na sahani yake. Hakuna aliyemwambia. "Nimezoea ya mjini," alisema. Siku ile alitoka, ameubeba mkate mwenyewe, akapiga magoti mbele ya mama yake.

Bibi alinusa. "Umeumuka kwa kitu gani huu?"

Mimi na mdomo wangu nikasema, "Povu la rubisi, Bibi."

"Basi kuleni ninyi. Mimi na pombe tuliachana."

Shangazi akatabasamu, akainuka. Lakini tulipobaki wawili jikoni aliyatazama makaa, akasema, "Si pombe, mwanangu. Ni hii mikono. Ningependa tu nimwone anakula kitu nilichokikanda, kabla sijaenda."

Asubuhi nikakuta mkate uliobaki umemegwa upande mmoja, nikawatukana panya.

Siku ya gulio nilishuka Muleba kwa miguu, nikaulizia hamira duka kwa duka. Mwishowe mama mmoja anayewauzia maandazi wasafiri alinimiminia kijiko kimoja kwenye kipande cha gazeti. Nilimwambia ni ya mgonjwa. Akaongeza kidogo.

Njiani kurudi furaha ikapungua. Nilikuwa nimeibeba hamira, na kisingizio cha rubisi kilikuwa kimekwisha. Je, Bibi akikataa na mkate huu? Shangazi atajificha nyuma ya sababu gani?

Tulioka mchana. Hamira ilikuwa ya zamani, nadhani. Jani halikuinuka sana. Shangazi akauleta, akapiga magoti kama mara ya kwanza.

"Huu hauna pombe, Mama," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Bibi akanitazama. "Kweli?"

"Kweli kabisa, Bibi. Hamira ya Muleba."

Akafumba macho, akaomba, ombi refu. Kisha akamega. Akatafuna. Akatafuna tena.

"Mgumu," Bibi akasema. "Ule wa juzi ulikuwa laini."

Shangazi akainua uso polepole. "Mama... ule wa juzi uliula lini?"

Bibi alitazama mlangoni, alitazama dari, alitazama kila kitu isipokuwa sisi. "Nilikuwa naufunika, panya wasiule."

"Panya!" nikapiga kelele. "Bibi, ni wewe!"

Shangazi akacheka mpaka kikohozi kikamshika, na Bibi akamsugua mgongo huku naye anajikaza asicheke. "Nimekula chakula cha mikono hii tangu ikiwa midogo, inanipikia ugali wa udongo," alimwambia. "Ulifikiri nitaanza kuiogopa leo? Niliogopa majirani, kwamba watasema mlokole amerudia rubisi. Sogea hapa."

Shangazi akasogea kwenye jani. Sahani yake ilibaki chumbani, na haikutoka tena mpaka nilipoiosha niwawekee kuku maji ya kunywa.

Bibi akanigeukia mimi. "Na wewe, kesho urudi kwa yule jirani. Pita nyuma ya kibanja. Na kikombe, chukua kile kikubwa."